TUTUNZE KARATASI ZETU: VITABU, VYETI NA KUMBUKUMBU ZA FAMILIA

(Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi, mkimbizi kutoka Kongo, aliyoitoa mbele ya mkutano wa Kamati ya Jamii wakati wa kumbukumbu ya kufunguliwa tena kwa makazi ya Rwamwanja. Kamati imeona vema hotuba hii ichapishwe kwa faida ya wote.)

Nilipoulizwa ningependa kuzungumza juu ya nini, wengi walidhani nitazungumza juu ya ada, madawati au upungufu wa walimu. Mambo hayo tunayasema kila mwezi na tutaendelea kuyasema. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya kitu kidogo ambacho kila nyumba inacho, hata ile isiyo na kitanda. Nazungumza juu ya mfuko wa karatasi.

Kila mmoja wetu anaujua mfuko huo. Ndani yake mna karatasi ya kuandikishwa kwa familia, kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha ubatizo kilichokunjwa mara nne, kadi ya mpiga kura ya Kongo ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kitambulisho chetu, picha mbili tatu za watu ambao baadhi yao hatunao tena, na labda kitabu kimoja cha sala au cha shule. Mfuko huo umening'inia kwenye msumari juu ya jiko, au umelala chini ya godoro. Tunaukumbuka siku tunapoitwa ofisini. Siku hiyo ndipo tunapoufungua na kukuta panya ametutangulia.

Ndugu zangu, sisemi haya kwa kuwacheka wengine. Nasema kwa sababu mimi mwenyewe, niliyesoma chuo cha ualimu na kufundishwa kutunza daftari la mahudhurio, nimeharibu kwa mikono yangu karatasi ambayo haitapatikana tena. Naomba niwaeleze.

DAFTARI LA BABA

Marehemu baba alikuwa na daftari gumu la jalada jeusi. Aliandika humo kila aliyezaliwa katika ukoo wetu, kila aliyeoa au kuolewa, kila aliyefariki, na pia nani alihamia wapi. Zaire ya wakati ule ilikuwa kubwa, na ndugu walikwenda kutafuta kazi mbali, hata Lubumbashi. Baba alikuwa akipokea barua, anaisoma, kisha anaandika anwani katika daftari kabla hajaiweka barua kwenye sanduku.

Mwaka 2012, vita vilipofika Rutshuru, tuliondoka usiku. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, na kitu cha kwanza nilichochukua ni diploma yangu. Niliiweka kifuani ndani ya shati. Mama akawa anafunga kitenge, na ndani ya kitenge nikaona daftari la baba. Nikamwambia, "Mama, acha makaratasi, beba unga." Akanijibu, "Unga tutaomba, mwanangu. Hili tutamwomba nani?" Sikuwa na jibu. Tukavuka mpaka, tukapokewa Kisoro, kisha tukaletwa hapa Rwamwanja, na daftari likafika salama. Mama hajui kusoma, lakini ndiye aliyejua thamani ya kile alichobeba.

Mvua za kwanza zilitukuta chini ya turubai. Maji yaliingia usiku na daftari lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki ulioachwa chini. Sikulitazama siku ile, wala siku ya pili. Tulikuwa tunachimba mfereji na kutafuta miti ya nyumba. Nilipolifungua, kurasa zilikuwa zimeshikana na ukungu wa kijani ulikuwa umeanza pembeni. Nikafanya kile ambacho wengi wangefanya. Nililianika juani juu ya turubai, na zilipokaribia kukauka nikazibandua kurasa kwa kuvuta. Kurasa mbili zilipasuka na wino ukabaki upande wa pili, herufi juu ya herufi. Katika kurasa hizo ilikuwepo anwani ya shangazi yangu wa Lubumbashi, pamoja na jina la mume wake na majina ya watoto wao.

Baadaye tulikwenda kwa Shirika la Msalaba Mwekundu, ambalo kazi yake mojawapo ni kuwatafuta ndugu waliopotezana kwa vita. Walitupokea vizuri na kuuliza maswali yanayofaa: jina kamili la anayetafutwa, majina ya wazazi wake, mahali na mwaka wa kuzaliwa, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Nusu ya majibu hayo yalikuwa kwenye kurasa nilizozipasua. Mpaka leo hatujampata shangazi. Jioni nyingine mama huniambia, "Nisomee ukurasa wa wifi yangu." Namsomea maneno yaliyobaki. Naye hunyamaza.

Haya nimeyasema ili mjue kwamba ninachotaka kuwafundisha leo nimekilipia.

KARATASI ZA WATU WADOGO NI HISTORIA

Wengine watasema kwamba kutunza vitabu na hati za kale ni kazi ya makumbusho na vyuo vikuu, na kwamba mkimbizi hana hati ya kale. Naomba nitoe mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa kwetu Kongo. Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville ambao sasa unaitwa Lubumbashi, chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu kiliandikisha historia ya mji huo. Mwandishi wake aliitwa André Yav. Hawakuandika kwa Kifaransa cha maofisini. Waliandika kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, kama walivyokisema jikoni na mitaani. Kilikuwa kijitabu kilichopigwa taipu, cha nakala chache, kisicho na mchapishaji mkubwa. Lakini ipo nakala iliyotunzwa. Mwaka 1990, miaka 25 baadaye, mtaalamu Johannes Fabian aliitoa kama kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wanaosoma historia ya Kongo wanasoma maneno ya wapishi na wafua nguo wale. Fikirini, kama nakala zote zingefungiwa karanga, maneno hayo tungeyapata wapi?

Mfano wa pili ni wa Timbuktu, katika nchi ya Mali. Kwa mamia ya miaka familia za mji ule zilitunza vitabu vilivyoandikwa kwa mkono: vya dini, vya sheria, vya nyota, vya dawa na vya biashara. Vilikaa ndani ya nyumba za watu, vikirithiwa na watoto kutoka kwa baba zao. Mwaka 2012, mwaka ule ule ambao wengi wetu tulivuka mpaka, mji huo ulitekwa na vikundi vyenye silaha. Abdel Kader Haidara, mtunzaji wa maktaba ya familia yake, pamoja na wenzake wengi wasiojulikana majina, walivipakia vitabu hivyo ndani ya masanduku ya bati na kuvitorosha kidogo kidogo kwa magari, na baadaye kwa mitumbwi katika mto Niger, mpaka mji mkuu Bamako. Januari 2013, wapiganaji walipokuwa wanaondoka, walichoma hati zipatazo 4,000 katika Taasisi ya Ahmed Baba. Sehemu kubwa ya hati za mji ilikuwa imekwisha kuokolewa.

Lakini sikilizeni mwisho wake, maana ndio unaotuhusu. Timbuktu ni nchi kavu ya jangwa. Bamako ina mvua na unyevunyevu. Vitabu vilivyopona moto vikakutana na ukungu katika ukimbizi wao, na watunzaji wakalazimika kuanza vita vya pili. Mwaka 2025 Serikali ya Mali ilianza kuvirudisha baadhi Timbuktu, na unyevunyevu huo ulikuwa mojawapo ya sababu zilizotajwa. Hata kitabu, ndugu zangu, hukimbia, huteseka ugenini, na hurudi kwao. Na masanduku yaliyotumika ni ya bati, jamaa ya haya tunayowanunulia watoto wanaokwenda bwenini. Kwa hiyo tusiseme hatuna vifaa.

MAADUI WA KARATASI

Katika chuo tulifundishwa kwamba ukitaka kumtibu mgonjwa, kwanza ujue ugonjwa. Karatasi ina maadui sita.

Wa kwanza ni maji na unyevunyevu. Karatasi iliyolowa huanza kuota ukungu ndani ya siku mbili tu, hasa penye joto. Hili ndilo kosa langu la kwanza: nilichelewa.

Wa pili ni jua na mwanga mkali. Jua hufifisha wino na picha, na karatasi hukauka ikawa ngumu na kukatika. Msibandike picha ya marehemu ukutani mkabala na mlango kwa miaka. Tengenezeni nakala mbandike, ya asili muihifadhi gizani.

Wa tatu ni wadudu na panya. Mchwa wa hapa tunawafahamu. Wanapanda kutoka ardhini kupitia ukuta wa udongo, wanakula kitabu kutoka ndani na kukuachia jalada. Mende hupenda gundi ya vitabu. Panya hataki kusoma, anataka pamba ya kutandikia watoto wake.

Wa nne ni moshi na moto. Mfuko ulioning'inia juu ya jiko unakauka, ni kweli, lakini masizi yanaingia na cheche moja inatosha.

Wa tano ni karatasi yenyewe. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa namna rahisi na ndani yake mna tindikali inayoifanya igeuke rangi ya njano na kuvunjika. Ukifungia cheti chako kwenye gazeti, ile njano huhamia kwenye cheti.

Wa sita ni sisi wenyewe na mapenzi yetu. Mtu anapenda cheti chake, basi anakibandika selotepu pale kilipochanika. Baada ya miaka michache gundi inageuka rangi ya chai na kula maandishi. Mwingine anabana karatasi kwa pini, pini inashika kutu, kutu inatoboa. Nami niliipenda diploma yangu nikaipeleka mjini kupigwa laminesheni, yaani kufungwa ndani ya plastiki kwa moto. Iling'aa sana. Nilipoomba kazi, ofisi moja ilinirudisha kwa sababu haikuweza kuugusa muhuri wa kubonyeza na kuhakikisha kwamba ni hati ya asili. Plastiki ile haitoki bila kuichana karatasi. Nilisumbuka karibu mwaka mzima kutafuta uthibitisho kutoka nchi yenye vita. Kwa hiyo nawaomba: hati ya asili isipigwe laminesheni. Kama unataka kitu cha kubeba kila siku mfukoni, piga fotokopi, hiyo fotokopi ndiyo uipige laminesheni.

TUFANYE NINI NYUMBANI

Sitawaambia mnunue vitu ambavyo hatuna. Nitasema yale ambayo mama mwenye chumba kimoja anaweza kuyafanya wiki hii.

Kwanza, nawa mikono na uikaushe vizuri kabla ya kushika karatasi. Mafuta na jasho la mikono hubaki.

Pili, kunjua. Karatasi hukatika pale inapokunjwa. Ilaze ikiwa imenyooka katikati ya makaratasi meupe au ndani ya bahasha kubwa, na uipe mgongo wa boksi gumu. Toa pini, vibanio vyenye kutu na raba za kufungia.

Tatu, funga fungu lako kwa kitambaa safi cha pamba kilichokauka, kama kipande cha shuka ya zamani, kisha ndipo uweke ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya sanduku la bati au ndoo yenye kifuniko. Kitambaa kinanyonya unyevunyevu kidogo, plastiki inazuia mvua, bati linazuia panya. Usifunge mfuko siku ya mvua, maana utakuwa umefungia unyevunyevu ndani pamoja na karatasi.

Nne, inua. Sanduku lisikae chini wala lisiguse ukuta. Weka matofali mawili au meza ndogo. Kama ni meza, miguu yake isimame ndani ya makopo yenye maji au oili chafu ya injini ili mchwa wasipande. Sanduku liwe mbali na jiko.

Tano, fungua na ukague. Mara moja kwa mwezi, siku kavu, fungua kila kitu kivulini penye hewa kwa saa moja, utazame kama kuna mavi ya wadudu, unga unga au harufu ya ukungu. Wengine huweka majani makavu ya mwarobaini. Si vibaya, lakini yakae kwenye kifuko chake, yasiguse karatasi. Dawa ya kupulizia wadudu isipulizwe kamwe juu ya kitabu.

Sita, picha ziandikwe. Picha isiyo na jina baada ya miaka ishirini ni picha ya mtu asiyejulikana. Andika nyuma yake kwa penseli laini, bila kukandamiza: nani, wapi, mwaka gani. Usitumie kalamu ya wino, maana hupenya au kuhamia kwenye picha nyingine.

Na kama maji yameingia? Usivute! Laiti ningeliambiwa neno hili moja. Weka kitambaa kikavu juu na chini, bonyeza taratibu bila kusugua, badilisha kitambaa kila kinapolowa. Tandaza kivulini penye upepo, kamwe si juani. Kitabu kilicholowa kisimamishe kikiwa kimefunguka kidogo kama feni, uingize makaratasi meupe makavu baina ya kurasa chache chache. Kurasa zilizoshikana ziache zikauke pole pole kisha umtafute mtu mwenye subira. Picha zilizoshikana, kama ni za kusafishwa za zamani, ziweke kwenye beseni la maji baridi safi mpaka zijiachie zenyewe, halafu uzikaushe uso ukitazama juu. Na anza siku ile ile.

NAKALA, NA HAKI ZETU

Hati iliyo mahali pamoja tu ni kama yai mkononi mwa mtoto. Piga fotokopi. Piga picha kwa simu, mchana, karatasi ikiwa imelala sawasawa, na umpelekee ndugu aliye mahali pengine. Simu huibiwa na fotokopi hulowa, lakini si rahisi vyote vitatu vipotee siku moja.

Jambo jingine, ndugu zangu, ni kutokutoa hati ya asili ovyo. Mtu akikuomba karatasi yako, mwonyeshe ya asili, umwachie nakala. Pakiwa na sababu ya lazima kuiacha ya asili, omba maandishi yanayosema nani ameichukua, lini, na utairudishiwa lini. Hii si dharau kwa wafanyakazi. Hata wao wanahamishwa, na meza zao zina karatasi nyingi kuliko zetu. Nawaomba ndugu wafanyakazi mliopo hapa mlizoeze jambo hili, mtu asionekane mkaidi kwa kuuliza risiti ya cheti chake. Na wanaosafiri kwenda nchi za mbali wabebe hati zao mkononi, wasizitie kwenye mzigo unaopakiwa chini ya ndege.

Tukumbuke pia kwamba karatasi zetu zinalindwa na sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika ibara ya 22, unataja kutambuliwa kwa vyeti na diploma za shule za kigeni. Ibara ya 25 inahusu msaada wa kupatiwa hati ambazo mkimbizi hawezi kuziomba kwa serikali ya nchi yake. Ibara ya 27 inahusu vitambulisho. Hapa Uganda, Baraza la Mitihani, yaani UNEB, ndilo linalolinganisha vyeti vya sekondari vya nchi za nje na vya hapa. Lakini haki ya kulinganishiwa cheti inamsaidia nini kijana ambaye cheti chake kimeliwa na mchwa?

KARATASI INAYOWEZA KUDHURU

Sasa naomba niseme neno gumu, kwa heshima zote. Si kila karatasi ni ya kuonyeshwa kila mtu. Sisi wa Maziwa Makuu tunajua. Nchini Rwanda utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930 uliweka vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mtu, na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vitambulisho hivyo vilitumika kwenye vizuizi kuamua nani auawe. Orodha ya majina inaweza kumkutanisha mama na mwanawe, na orodha hiyo hiyo ikiwa mkononi mwa mtu mbaya inaweza kuua.

Kwa hiyo ninapohimiza kutunza, sihimizi kutangaza. Daftari la ukoo ni la ukoo. Ushuhuda wa mtu juu ya yaliyompata ni wake, na nani ausome ni yeye anayeamua. Mtu akija na simu au kamera kutaka kupiga picha karatasi zako, una haki ya kuuliza zinakwenda wapi na nani atazitazama, na una haki ya kusema hapana. Hakuna chakula kinachokatwa kwa sababu hiyo.

MAOMBI YANGU KWA KAMATI

Ndugu Mwenyekiti, ardhi hii tunayoikalia ina historia. Makazi ya Rwamwanja yalifunguliwa kwanza mwaka 1964 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, yakafungwa mwaka 1995, na yakafunguliwa tena mwaka 2012 tulipokuja sisi. Watu wale walizaa hapa, walizika hapa, watoto wao walisoma hapa. Najiuliza mara nyingi, nikiwa darasani: daftari lao la shule liko wapi? Siku moja nasi tutaondoka, wengine watarudi kwetu, wengine watakwenda mbali. Atakayekuja baadaye atajua nini juu yetu, kama sisi wenyewe hatukuandika na kutunza?

Kwa hiyo naomba mambo manne.

La kwanza, Kamati ipate masanduku mawili ya bati yenye kufuli. Moja likae shuleni na jingine katika ofisi ya Kamati, juu ya meza, kwa ajili ya kumbukumbu za jamii: mihtasari ya mikutano, orodha za waliomaliza darasa la saba, nakala za jarida hili, picha za ufunguzi wa visima na madarasa. Funguo ziwe mbili, kwa watu wawili, na kuwe na daftari la kuandika nani ametoa nini na lini amerudisha.

La pili, mashirika yenye mashine yatupatie siku moja kila mhula ya kupiga fotokopi za vyeti vya familia bila malipo, tukianza na wazee, wajane na watoto wanaoishi bila wazazi. Sisi walimu tutajitolea kupanga foleni na kusaidia wasiojua kusoma. Nakala zote zitarudi kwa mwenyewe. Kamati isibaki na yoyote asipotaka mwenyewe.

La tatu, kila mwanafunzi wa darasa la sita na la saba akae na babu, bibi au jirani mzee, aandike katika daftari lake majina ya ukoo, kijiji walichotoka, na habari moja ambayo mzee angependa isipotee. Tutatumia penseli au kalamu ya wino usiofutika kwa maji. Daftari litabaki kwa familia.

La nne, vitabu vya shule. Tunavyo vichache, na vingi vinakufa kwa kukosa jalada. Kila mzazi atakayeleta kipande cha boksi gumu, sindano na uzi, tutakaa naye Jumamosi tushone vitabu pamoja. Kitabu kilichoshonwa vizuri kitawasomesha watoto wengi kabla hakijachakaa.

Ndugu zangu, namalizia. Mwaka jana mama alianza kunitajia tena majina ya zile kurasa mbili, yale anayoyakumbuka. Anataja akiwa anachambua maharage, nami naandika. Mara nyingine anasema jina kisha analirudisha, anasema hapana, huyo alikuwa wa upande mwingine, futa. Ndiyo maana natumia penseli. Tumefika majina kumi na moja. Anwani ya shangazi haikumbuki, isipokuwa kwamba nyumba ilikuwa karibu na reli. Nimeliandika na hilo.

Leo jioni mkirudi nyumbani, kabla giza halijaingia, uteremsheni ule mfuko ulioko kwenye msumari. Ufungueni, mtazame kilichomo, mkunjue kilichokunjwa, na kama kuna mzee ndani ya nyumba, mwulizeni wale walioko kwenye picha ni akina nani. Andikeni nyuma. Msingoje siku ya kuitwa ofisini.